Nilimwambia Mama Kwamba Dada Yake Amechoka

Mshauri mpendwa, pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu, na mimi nakuongezea langu, naomba tu unisikilize mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana kutukanwa najua nitatukanwa.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, nina mke na mabinti wawili, mkubwa ana miaka kumi na miwili na mdogo saba, na mama yangu mzazi tunaishi naye. Kazi yangu ni kupanga njia za magari ya kampuni inayosambaza maji ya kunywa madukani, yaani asubuhi nakaa na ramani naamua gari lipi lianzie wapi na limalizie wapi, na katika kazi yetu kuna kosa moja ambalo bosi hasamehe, nalo ni gari kupita barabara moja mara mbili, madereva wanaita kula matapishi. Miaka kumi na minne nimeifanya kazi hiyo mpaka imeniingia kwenye damu, hata nikienda sokoni siwezi kurudi kwa njia niliyoendea, mke wangu ananiita Mzee wa Njia, na mimi nilikuwa naona sifa kuitwa hivyo.

Basi likizo ya mwezi uliopita nikasema nitawapeleka wote pwani kwa gari letu, siku tano, tuwasalimu wazee wa upande wa mama, na watoto waone bahari na mnara wa taa na yale mapango ambayo mtu anaingia kwa miguu maji yakitoka. Wiki mbili nilikuwa naipanga hiyo safari, nikaichapa kwenye karatasi, nikaibandika mbele ya usukani, kila mzee na muda wake. Mjomba nilimpa saa moja na nusu. Mjomba wa watu akasinzia katikati ya hadithi, mimi nikaona hii ndiyo nafasi, nikawakonyeza wote tukanyanyuka, mama ndiye aliyerudi kumshika mkono kumuaga, mimi niko nje nimeshawasha gari.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mama ana dada mmoja tu, ambaye kwangu ni mama mkubwa, ana miaka sabini na nane, nyonga inamsumbua na anatembea na fimbo, anaishi peke yake kwenye mji mdogo ulio mwendo wa dakika ishirini na tano kutoka ufukweni, barabara yenyewe vumbi na mashimo. Miaka tisa iliyopita mume wa mama mkubwa alifariki na mama hakwenda kuzika, si kwamba hakutaka, walikuwa wamekosana kwa maneno ya simu wiki moja kabla, kila mmoja amekaza shingo, msiba ulipotokea mama akasema nikienda sasa nitaonekana mnafiki, akabaki. Toka hapo wanasalimiana kwa simu kila Jumapili, hujambo, sijambo, watoto wazima, basi, hilo la msiba hakuna aliyeligusa hata siku moja.

Tulilala kwake usiku mmoja, wakaongea habari za miguu na dawa. Asubuhi baada ya chai mama akanifuata nje, nilikuwa napima upepo wa matairi, akasimama pale akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo tukikaa pale baharini na dada yangu nitamwambia. Humo ndani siwezi, picha ya shemeji inanitazama." Nikamwambia sawa mama, huku macho yangu yako kwenye kipimo cha upepo. Mshauri, nilimsikia vizuri kabisa, sitaki kujisingizia uziwi.

Gari letu linabeba watu watano na tulikuwa watano tayari na mabegi yetu yote, maana tukitoka ufukweni tulikuwa tunaendelea mbele, haturudi kulala pale. Kwa hiyo tukakubaliana niwashushe mama, mke wangu na watoto baharini, halafu nirudi peke yangu nimchukue mama mkubwa, akae na mdogo wake mpaka mchana, kisha nimrudishe kwake. Mama mkubwa alifurahi jamani, akasema, "Miaka kumi na moja hiyo bahari naisikia tu watu wakiisimulia, utadhani nakaa nchi nyingine. Nenda uwashushe, ukirudi utanikuta mlangoni." Na kwa sababu tulijua tutaonana baada ya saa moja, hakuna aliyemuaga vizuri.

Saa tatu kasoro tukawa ufukweni. Mlinzi wa mapango akaniambia maji yanarudi saa tano, baada ya hapo haingii mtu. Nikageuza gari nimfuate mama mkubwa. Nikafika kituo cha mafuta kilicho pale njia panda, mwendo wa dakika tano tu, nikasimama nikaanza kupiga hesabu, kumfuata dakika ishirini, kumpandisha garini na nyonga yake ile dakika kumi, kurudi naye ishirini na tano, halafu watoto mapangoni mbiombio, halafu mchana kumrudisha, halafu kuja tena kuchukua wengine, yaani ile barabara ya mashimo niipite mara tano kwa siku moja. Mwili ulikataa. Nisikudanganye na wewe, sikupata pancha wala mafuta hayakuniishia, nilinunua soda, nikakaa ndani ya gari nikatazama saa, na nilikaa dakika arobaini kamili, kwa sababu nilijua nikirudi mapema mama atashtuka.

Niliporudi mama alikuwa ameshatandika khanga kwenye kivuli, chupa ya chai katikati, upande mmoja amekaa yeye na upande wa pili ameuacha wazi. Akatazama garini, akanitazama mimi.

"Dada yuko wapi?"

"Mama mkubwa amesema amechoka. Tuendelee tu, tutaonana siku nyingine."

"Amechoka? Alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Ndiyo mama."

Akaniuliza, "Amechoka mwili, au amechoka na mimi?"

Nikacheka. Nikamwambia mama acha hizo, nyanyukeni maji yanarudi. Akatoa simu kwenye mkoba, akaishika mkononi, akairudisha. Akasema, "Aliyechoka haamshwi." Mapangoni hakuingia, alibaki kwenye khanga yake peke yake. Na hayo mapango yenyewe tulikaa dakika kumi na mbili, binti yangu mdogo aliogopa giza akalia tukatoka. Mnara wa taa tulikuta umefungwa, unapakwa rangi.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na fundi cherehani ambaye ni jirani yake mama mkubwa. Akaniambia, "Kaka, samahani, sipendi kuingilia ya watu, ila nataka kujua, siku ile mlipata ajali?" Nikamwambia hapana. Ndipo akanieleza. Kumbe sisi tulipoondoka tu mama mkubwa alimpelekea gauni ampunguzie pindo, akamwomba afanye haraka maana anapitiwa na gari, yule fundi akaacha kazi za watu akamshonea huku amesimama pembeni. Akalivaa, akakaa kibarazani na mkoba wake mapajani. Saa sita fundi akamwita akale kwake, akakataa, akasema wakija watanikosa. Alikaa mpaka saa kumi, jua linamfuata yeye anasogeza kiti, mpaka kiti kikafika ukutani. Alinipigia simu mara mbili, na ni kweli, nilizikuta jioni yake kwenye simu, nikasema nitampigia kesho, na kesho yake nikasema kesho. Fundi akamuuliza mbona humpigii mdogo wako, akajibu, "Yeye anajua niliko." Halafu akaingia ndani akisema, "Ni vilevile kama kwenye msiba. Safari hii amefika mpaka mlangoni, ndipo akageuka."

Mshauri, niliposikia hayo niliegesha gari pembeni ya barabara nikalia kama mtoto. Wanasema majuto ni mjukuu, basi wangu amekuja ameshaota ndevu.

Sasa mambo yako hivi. Jumapili simu haiendi wala haiji. Mama anaamini dada yake amemkataa kwa ajili ya msiba ule, na dada yake anaamini mama amemtupa mara ya pili. Na mtoto wa mama mkubwa anakuja mwisho wa mwezi huu kumchukua, anampeleka anakofanya kazi, siku mbili kwa barabara, na nyumba inafungwa, na kwa umri wao kuonana tena sijui. Nilimwambia mama twende ukamuage, akanijibu bila hata kunitazama, "Sitaki kumchosha tena."

Mke wangu nimeshamwambia ukweli wote. Akasema, "Mama ana presha. Ukimwambia akaanguka, mimi simo." Kwa hiyo nimefikiria hivi, niseme kwamba siku ile gari liliniharibikia njiani, nikaona aibu kusema, ndio maana sikumfikia mama mkubwa. Hapo mama mkubwa anakuwa hakukataa, mama anakuwa hakumtupa mtu, wote wanapata nafuu na mimi napumua. Je, ni vibaya? Au ninyamaze tu, mambo yatulie yenyewe? Najuta mpaka chakula hakipiti. Naomba unisaidie maneno, maana wewe ni mtu wa maneno.

Ni mimi, Mzee wa Njia. Tarehe kumi.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wa Njia, nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba. Kukutukana sitakutukana, umeshajitukana vya kutosha na sijaona kama imemsaidia mtu.

Nianze na haki yako. Hukumchukia mama mkubwa wako. Ulikuwa umechoka, una watoto wanaolia bahari, una karatasi mbele ya usukani inayokuhukumu, na watu wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kumkatia mzee simu kwa sababu ndogo kuliko mashimo ya barabara. Uvivu wa asubuhi moja unasameheka. Ungerudi ufukweni ukasema, "Mama, nimeshindwa kurudia barabara ile," mama angekusema, mngegombana, na pengine angekulazimisha uende, yakaisha.

Lakini wewe ulikaa dakika arobaini na soda. Hebu chukua ile hesabu yako unayoipenda uipige tena. Dakika tano kwenda kituoni, arobaini kukaa, tano kurudi. Hamsini. Kwenda mpaka kwa mama mkubwa na kurudi ni hamsini hizo hizo! Muda ule ule uliotumia kuutengeneza uongo, ukiongeza dakika kumi tu za kumpandisha garini, ungetosha kumleta dada mtu mpaka kwenye khanga. Uliokoa dakika kumi, ndugu yangu. Ulimpokonya mama yako neno alilokuwa amelibeba miaka tisa, na alikuwa amekwambia kwa mdomo wake kwamba siku ya kulitua ni ile.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja. Umenitajia soda, mashimo, mapango, mnara uliopakwa rangi, machozi yako pembeni ya barabara. Hukunitajia kwamba umempigia mama mkubwa. Hujampigia, eti? Bibi wa miaka sabini na nane anaamini ametupwa, wewe na mkeo tu ndio mnaojua si kweli, na simu unayo mfukoni. Unalia nini sasa? Machozi yako hayo yeye hayaoni.

Nikija kwenye ile habari ya gari kuharibika, ebo! Unataka kushona kiraka juu ya kiraka. Liliharibikia wapi? Nani alilitengeneza? Ulirudije ufukweni? Na kama hukumfikia, yale maneno ya kwamba amechoka uliyatoa wapi? Mama yako atakuuliza yote hayo kabla hujameza mate, maana amekulea na anakujua ukidanganya sikio lako likoje. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe ambaye kazi yako ni njia ulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Halafu fundi cherehani yupo, ana macho na ana simu. Hilo gari la kubuni litakufia mikononi ndani ya wiki moja, na baada ya hapo hata ukimwambia mama salamu ya asubuhi atauliza kwa jirani kama ni kweli kumekucha.

Presha ya mama nayo usiifanye kichaka cha kujificha. Mpe dawa zake, mpime, subiri apate chakula, umwambie taratibu akiwa ameketi. Lakini usinieleze kwamba kimya kinamponya. Mama yako kila siku anaamka akijua dada yake wa pekee amemchoka, anatafuna hilo asubuhi na jioni, na dawa ya presha haijatengenezwa ya kushusha kitu kama hicho. Na wewe mke wake, najua unasoma, "mimi simo" si kauli ya mtu aliyekaa kwenye ufuko ule akamwona mkwe wake amebaki na khanga peke yake. Umo, dada. Utakaa karibu siku akiambiwa, umshike mkono.

Umeniomba maneno. Haya hapa, na ni machache: "Mama, dada yako hakusema amechoka. Sikwenda kumchukua. Nilikudanganya, na yeye alikungoja mpaka saa kumi." Ukifika hapo funga mdomo. Usiongeze "lakini", usiongeze mashimo wala saa za maji. Usimwambie sebuleni mbele ya watoto. Akikufukuza chumbani, toka ukae karibu. Akikunyamazia siku mbili, nawe mtumikie siku hizo mbili bila kununa, hiyo ni haki yake.

Siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, mpigie mama mkubwa na umwambie vilevile, wewe mwenyewe, usimsukumie mama simu akuombee radhi. Ukishindwa kumpata, mpigie fundi amfikishie simu, na huyo fundi umshukuru, maana angekaa kimya wewe hungekuwa hata na majuto. Kisha mwisho wa wiki hii hii mpakie mama kwenye gari, peke yake. Kazini omba ruhusa. Watoto wabaki, hakuna mapango, hakuna mnara, hakuna karatasi. Ukifika, utambeba mama mkubwa kwa heshima zote mpaka baharini, na barabara ile, ikibidi, utaipita mara tano, na wakitaka mara sita, sita. Wakishakaa pale wawili, wewe ondoka usogee mahali usipoweza kusikia. Habari ya msiba ni yao. Usijifanye msuluhishi, usijifanye mpiga picha.

Sikuahidi kwamba watakumbatiana. Wale ni watu wazima wenye shingo ngumu, huenda wakakaa kutwa wakitazama maji bila kuambiana neno, na huenda mama mkubwa akaamua kukasirika na wewe mpaka kufa kwake. Hiyo utaibeba, ni mzigo wako na unakutosha. Usichokuwa na ruhusa nacho ni kuwaacha wabebe mzigo ambao hawakuufunga wao.

Jambo la mwisho, na hili nimekosa mimi. Barua yako uliiandika tarehe kumi, ikakaa mezani kwangu ikisubiri zamu pamoja na nyingine, na leo unaposoma haya ni tarehe ishirini na mbili. Nisamehe. Yule mtoto wa mama mkubwa hajasogeza siku yake ya kuja kwa sababu wewe unasubiri jibu la gazeti, pengine hivi tunavyoongea wanakunja mapazia. Mimi na wewe tumeshawapotezea siku kumi na mbili. Weka gazeti chini. Mama yumo humo humo ndani.